Maji ya Hamira

Baridi ilipoanza kuuma asubuhi, mikate ya Mama Tanuri ilianza kukataa kuumuka.

Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa ajili ya tanuri la matofali lililokuwa nyuma ya nyumba yake, naye alilipenda kuliko hata lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mjane, mnene kiasi, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa moja tu: kuoka mikate na kuipeleka kwenye maduka ya mtaani na kwenye bweni la shule ya jirani. Hakuoka peke yake. Alikuwa na wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi. Shangazi alikuja kumsaidia alipojifungua binti yake wa pekee, akasema atakaa mpaka mtoto akaze shingo. Mtoto akakaza shingo, akatambaa, akasoma, akawa mwalimu wa biolojia katika mji mwingine, na Shangazi bado yupo, mikono imejaa unga hadi viwikoni.

Kazi walikuwa wamegawana bila kukaa kikao. Shangazi alichekecha unga, akakanda, akakata madonge. Mama Tanuri aliwasha moto wa tanuri, na yeye peke yake ndiye aliyeandaa maji ya hamira. Alichanganya maji ya moto na ya baridi kwenye beseni, akazamisha vidole, akafumba macho kama mtu anayesikiliza, kisha akasema, "Haya, sasa." Hapo ndipo sukari ilipoingia, na hamira juu yake. Miezi ya joto hata hakuchemsha, maji ya tangi yalitosha. Baridi ikija, sufuria ilipanda jikoni.

Mwaka ule mikate ya kwanza ya msimu wa baridi ilitoka imebonyea, ngumu, na katikati mbichi. Mama Tanuri alicheka. "Leo tumeoka matofali, wifi. Tafuta fundi tujenge choo."

"Fundi mwenyewe atayakataa," Shangazi akajibu. "Mbwa wa jirani nimemtupia kipande, amekinusa akaenda kulala."

Wakacheka wote wawili. Siku zilizofuata mikate ikaumuka vizuri, kisha ikagoma tena. Mama Tanuri akabadilisha unga. Akabadilisha duka la hamira. Akasugua mabeseni kwa majivu. Kuna siku ilikubali na kuna siku ilikataa, na hakuna aliyejua leo ni zamu ya ipi. Wenye maduka wakaanza kurudisha mikate. Kicheko kikakoma.

Asubuhi moja Shangazi alikuwa anakanda, akasimama, akasema taratibu, "Wifi, hebu shika hapa. Hili donge lina moto. Au maji yamezidi moto?"

Mama Tanuri akageuka kutoka mdomoni mwa tanuri, uso umemwiva. "Maji? Wewe leo ndiye wa kunifundisha mimi maji?"

"Sijakufundisha, wifi. Nimeuliza tu."

"Basi kanda. Maji niachie mwenyewe."

Neno hilo halikuishia pale. Mtu akikosa usingizi kwa shida asiyojua chanzo chake, huanza kuitafutia sura. Mama Tanuri alijiuliza ni nani mwingine anayeshika unga wake. Akakumbuka kwamba Shangazi aliwahi kusema angependa siku moja awe na tanuri lake mwenyewe. Maneno yaliyosemwa zamani kwa mzaha yakageuka ushahidi. Na siku mwenye duka kubwa la njia panda alipokuja mwenyewe kurudisha kreti zima, wateja wengine wakiwa wamesimama uani, Mama Tanuri alinyoosha kidole.

"Muulizeni huyu," akasema. "Anakanda kwa mkono wa husuda. Anataka nianguke ili ashike nafasi yangu."

Shangazi aliinua uso kutoka kwenye beseni la unga. Alitazama watu, akamtazama wifi yake, akangoja kama mtu anayengoja mwenzake acheke aseme ni utani. Mama Tanuri hakucheka. Shangazi akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na mfuko mmoja wa nguo, akapita katikati ya wateja.

Binti alikuja nyumbani mwisho wa wiki, kama kawaida yake. Mama yake na shangazi yake walimwita Mwalimu tangu alipokuwa mdogo, kwa kuwa alikuwa akiwapanga kuku mstari na kuwauliza maswali. Alipofungua mlango wa chumba cha nyuma kumsalimia Shangazi, alikuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa.

"Mama, Shangazi yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Mwenyewe anajua," mama yake akasema, huku akiendelea kupanga kuni. Kisha akaeleza yote, harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza. Alimjua Shangazi. Huyo ndiye aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kuogelea mtoni, aliyelala naye kitanda kimoja baba alipofariki na mama akawa hajiwezi kwa kilio.

"Na tangu aondoke, mikate inaumuka?" akauliza mwishowe.

Mama akaupachika ukuni wa mwisho juu ya rundo. "Ameacha nuksi," akasema.

Njiani akirudi kazini, Mwalimu hakuwaza kitu kingine. Darasa lake lilikuwa limetoka tu kufanya jaribio la hamira, jinsi joto linavyobadili kasi ya kupumua kwake. Akajipa moyo. Huenda mwaka huu madukani kuna hamira mbovu, iliyokaa ghalani ikafa. Kama ni hivyo, si kosa la mtu. Angemwonyesha mama yake kwa macho, mama angeona haya, wangekwenda pamoja kumrudisha Shangazi, na jambo lingekwisha kabla halijaota mizizi. Wiki iliyofuata alirudi na kipimajoto cha maabara amekifunga ndani ya taulo, na pakiti ya maputo ya watoto.

Alipanga chupa tupu za soda juu ya meza ya jikoni. Kila moja akaitia maji kiasi kilekile, sukari kijiko kilekile, na hamira kutoka kwenye kopo lilelile la mama yake. Akavisha midomo ya chupa maputo. Kisha akazisimamisha kila moja ndani ya beseni lake: moja la maji yenye barafu, moja la maji ya tangi, moja la vuguvugu, na moja la maji ya moto yanayotoa mvuke.

Mama Tanuri alivuta kigoda. "Nimekeshea tanuri miaka yote hiyo kukusomesha," akasema, "uje ucheze na maputo jikoni kwangu."

"Subiri, Mama. Hamira ni kiumbe hai. Kidogo mno, huwezi kukiona, lakini kinakula na kinapumua. Kinakula sukari, na ile hewa kinayoitoa ndiyo inayoinua mkate. Hapa hewa itaingia kwenye puto. Puto likijaa upesi, ujue hamira inapumua upesi."

"Mimi naijua hamira kabla hujazaliwa."

"Najua. Angalia tu."

Wakaangalia. Mwalimu alikuwa akichovya kipimajoto kutoka beseni hadi beseni, akiongeza maji ya moto hapa na barafu pale ili joto lisihame. Puto la kwenye barafu lilining'inia kama soksi. La maji ya tangi lilianza kujitikisa polepole. La vuguvugu, karibu na joto la mwili wa mtu, lilisimama wima, likavimba, na povu likapanda shingoni mwa chupa. Mama Tanuri alisahau kununa, akainama karibu. La maji ya moto lilijinyanyua kidogo tu pale mwanzoni, likalala.

Hapo Mwalimu akaitoa chupa ya kwenye barafu na ile ya kwenye maji ya moto, akazitia zote mbili kwenye vuguvugu. Wakangoja tena. Puto la chupa ya barafu likaamka, likaanza kujaa. La chupa nyingine halikutikisika.

"Ile ya baridi ilikuwa imelala," Mwalimu akasema. "Hii ya moto imekufa. Ikishaungua hairudi, hata uibembeleze vipi."

Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu, maana alikuwa ameshaona jambo ambalo hakulitaka. Mama naye alikuwa ameliona.

"Kwa hiyo hamira yangu nzima," Mama Tanuri akasema.

"Nzima, Mama."

"Haina kasoro."

"Haina."

Mama Tanuri akasimama, akajifunga kanga kiunoni upya. "Basi nilisema kweli. Unga mzima, hamira nzima, tanuri ni lilelile. Kilichobaki ni mkono wa mtu. Umenithibitishia mwenyewe kwa elimu yako."

Mwalimu alitazama chupa zake. Alikuja kumsafisha Shangazi, na sasa alikuwa amempaka matope zaidi. Alishika kipimajoto kwa mikono miwili, akafikiri. Kwenye meza alibadilisha kitu kimoja tu, joto. Na joto katika nyumba hii lilikuwa kazi ya mtu mmoja.

"Mama," akasema, "niandalie maji ya hamira. Kama unavyoandaa siku zote."

"Ya nini tena?"

"Nataka kuona tu."

Mama Tanuri akaguna, lakini akachukua beseni. Alimimina maji yaliyokuwa yakitokota kwenye sufuria, akaongeza ya baridi kidogo, akazamisha mkono, akafumba macho. Akaongeza ya moto. Akasikiliza. "Haya, sasa," akasema.

Mwalimu akachovya kipimajoto. Mstari mwekundu ukapanda, ukapita alama ya arobaini, ukapita hamsini, ukavuka sitini ndipo ukasimama. Alidhani kimeharibika. Akatia vidole vyake mwenyewe, akavichomoa huku akipiga ukelele.

Mkono wa mama yake ulikuwa bado ndani ya maji, umetulia.

"Mama, toa mkono."

"Una nini wewe?"

"Toa mkono, Mama!"

Akautoa. Ngozi ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kifundo cha mkono, na pembeni, penye kidole kidogo, palikuwa na alama za zamani za kuungua, zilizopona vibaya. Mama Tanuri aliugeuza mkono juu chini kama bidhaa ambayo muuzaji amemdanganya.

"Mbona ni vuguvugu?" akasema. "Mimi nasikia vuguvugu."

Mwalimu akafungulia bomba, akaushika mkono wa mama yake chini ya maji baridi. Kisha, maji yakiendelea kutiririka, mama akaanza kutoa mambo aliyoyaficha, moja baada ya jingine. Nyayo zake siku hizi zilikuwa kama zimevaa soksi hata akiwa peku. Vidole vilimchomachoma jioni, baadaye vikaacha, akashukuru kwamba vimepona. Kiu haikumwisha. Macho yalikuwa na ukungu. Alidhani ni utu uzima.

"Shangazi yako aliniambia," akasema ghafla. "Aliniambia donge lina moto."

Akaketi sakafuni palepale jikoni, mkono unadondosha maji, akalia bila sauti.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mpole. Alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akagonga magoti, akagusa nyayo kwa kipande cha pamba na kuuliza kila mara, "Unasikia hapa? Na hapa?" Mama Tanuri alikuwa amefumba macho. Mwalimu, aliyesimama pembeni, aliona pamba ikipita mahali pengi ambapo mama yake hakujibu.

"Ni sukari, Mama," daktari akasema. "Na haikuanza jana. Imeshika mishipa ya fahamu ya miguu na mikono."

"Vidole vitarudi?"

"Tutajitahidi hali isiendelee. Dawa, chakula, kuchunguza miguu kila siku. Lakini pale palipokufa, sitakudanganya."

"Mimi kazi yangu ni vidole, daktari."

Kijana yule akatazama karatasi zake, akaanza kuandika dawa.

Siku waliyokwenda kwa Shangazi, Mama Tanuri alivaa nguo yake nzuri kama anayekwenda kuposa. Shangazi alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, akipiga pasi nguo za wateja. Walimkuta amesimama mezani, mvuke unampanda usoni. Aliwaona, akaweka pasi wima.

"Karibuni," akasema. "Mwanangu, vuta kiti umpe mama yako."

Mama Tanuri hakukaa. Alieleza akiwa amesimama: chupa, maputo, maji, daktari. Alitoa mkono uliofungwa bendeji akauonyesha. "Haukuwa moyo wako, wifi," akasema. "Ni huu mkono. Umekufa ganzi, mimi sijui. Nisamehe, turudi nyumbani."

Shangazi aliushika ule mkono, akautazama kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka. "Pole, wifi yangu," akasema. "Pole sana. Kumbe umekuwa unaungua."

"Utarudi?"

Shangazi akaurudisha ule mkono polepole kwa mwenyewe, kama mtu anayerudisha kikombe. "Nimekusamehe. Naapa nimekusamehe. Lakini kurudi, hapana."

"Wifi, nimekwambia ni mkono."

"Mkono uliharibu maji, hilo nimeelewa. Lakini mdomo haukuwa na ganzi. Ulininyooshea kidole mbele ya watu. Nyumba ile nimemlea huyu mtoto, nimemzika kaka yangu, na nikatoka na mfuko mmoja watu wakinitazama kama mwizi. Kila nikikanda, nitakuwa nangoja siku mikate itakapogoma tena, uanze kunitazama." Akavuta shati jingine mezani. "Sitaki kuishi nikitazamwa, wifi."

Mwalimu akamvutia mama yake kiti. Walikaa kidogo, wakanywa chai, wakaulizana habari za watu wasiowahusu. Wakaaga.

Mama Tanuri alijikaza. Mwalimu alimwachia kipimajoto, akakitia alama ya rangi ya kucha mahali mstari unapotakiwa kukoma, kwa sababu tarakimu mama hakuziona vizuri. Mikate ikarudi kuumuka kama zamani. Mwenye duka la njia panda akarudi kuagiza. Mama Tanuri alimwajiri mwanamke wa jirani akande, mchapakazi, asiye na maneno, na asiye na utani pia. Mama Tanuri alikuwa akisukuma mikate tanurini, akigeuka nusu kumwambia mtu kitu, akakuta si yule.

"Mikate inatoka vizuri, Mama," Mwalimu alimwambia siku moja, akikata kipande kikiwa bado cha moto.

"Inatoka," mama akasema. "Mimi sijui tu imefanyaje. Nashika donge, ni kama nashika godoro. Nangoja kile kioo chako cha kupimia kiniambie."

Kabla baridi haijaisha, kaa la moto liliruka kutoka tanurini likaingia kwenye kiatu chake. Alizunguka nalo asubuhi nzima, akapanga mikate, akapokea wateja, hata akicheka nao. Yule mwanamke wa jirani ndiye aliyesikia harufu. Kidonda kilionekana kidogo, kisha kikachimba ndani, na hospitali kubwa wakakipigania mpaka wakashindwa. Wakamkata mguu chini ya goti.

Siku ya pili yake, saa ya kutazama wagonjwa, Shangazi aliingia wodini akiwa na taulo safi na sabuni. Hakuuliza ruhusa. Alitia maji kwenye karai, akayajaribu kwa kiwiko, akaongeza baridi, akajaribu tena, kisha akaanza kumwosha wifi yake uso, shingo na mgongo. Mwalimu alisimama mlangoni, hakuingia.

"Taulo lako gumu kama ile mikate yangu iliyogoma," Mama Tanuri akasema, macho yamefumba.

"Nyamaza nikuoshe," Shangazi akajibu, na pembe ya mdomo wake ikatikisika.

Alikuja hivyo kila siku mpaka mgonjwa aliporuhusiwa. Lakini siku ya kutoka, gari lilipokuwa linangoja nje na Mama Tanuri akamtazama kama anayeuliza, Shangazi alimrekebishia mtandio, akaaga, akaenda zake kituoni akapande basi la kurudi chumbani kwake.

Mwalimu alimchukua mama yake akaishi naye kwenye nyumba za walimu. Nyumba ya zamani wakaipangisha kwa fundi wa magari, naye akalibomoa tanuri apate pa kuegesha. Fundi na Mwalimu walimwomba Mama Tanuri radhi, akawaambia hakuna haja.

Shangazi huja mara mojamoja, siku ambazo hana nguo za kupiga pasi. Huketi karibu na kiti cha magurudumu, chini ya dirisha, na mawifi hao wawili huzungumza kidogo tu, juu ya bei ya sabuni, juu ya wakwe wa watu. Juzi Mama Tanuri alikuwa amesinzia, kichwa kimeinama. Shangazi akauchukua mkono wake uliokuwa pajani akauweka ndani ya mikono yake miwili. Mama Tanuri hakustuka. Baada ya muda akauliza, bila kufumbua macho, kama mtu anayehofia jibu:

"Wifi, umenishika?"

"Nimekushika."

"Sikusikia."

"Najua," Shangazi akasema, akaendelea kuushika mpaka saa ya basi lake ilipofika.